Kiuno katika Daftari la Fundi

Wiki mbili baada ya kumzika mama mdogo, nilitumwa soko la Awasi kuchukua kitambaa chake. Alikuwa amekipeleka kwa fundi kabla ya Pasaka, kitenge cha buluu chenye maua ya manjano, ashonewe rinda la kuvaa siku ya harusi ya bintiye. Fundi alikuwa amekwisha kukikata. Alinikabidhi vipande vikiwa vimekunjwa ndani ya gazeti, akanyamaza kidogo, kisha akavuta droo ya cherehani na kutoa daftari nene la vipimo.

Daftari lile halina majina ya kitambulisho. Wanawake wameandikwa kwa kule walikozaliwa kabla hawajaolewa hapa Kano: Nyar Seme, Nyar Nyakach, Nyar Ugenya. Mama mdogo ni Nyar Alego. Chini ya jina lake kuna kifua, kiuno, nyonga na urefu wa gauni, vyote kwa inchi. Kila aliposhonewa nguo mpya, fundi alipiga mstari juu ya namba ya zamani na kuandika mpya pembeni. Niliufuata mstari wa kiuno kwa kidole. 31, imekatwa. 34, imekatwa. 38, imekatwa. 41, imekatwa. Ya mwisho, ya kile kitenge cha buluu, ilikuwa 43, na haikukatwa.

"Kila nikiongeza inchi nilikuwa nampongeza," fundi akaniambia, macho yakiwa kwenye daftari. "Namwambia, Nyar Alego, maisha imekukubali."

Nami nilikuwa nampongeza. Kila Desemba nilipofika nyumbani na kumkuta amejaa zaidi, nilifurahi, kwa sababu nilikumbuka miaka ya dhiki alipokuwa akibeba unga kichwani kutoka posho mili. Sasa alikuwa na duka lake kando ya barabara ya Kericho, na mwili wake ulionekana kutoa ushahidi kwamba mambo yamenyooka. Alifariki akiwa na miaka 53. Moyo ulikuwa umechoka hata usiweze kusukuma damu. Kwa miaka 15 zile namba zilikuwa zikitupa habari za moyo wake, nasi tukazisoma kama habari za mfuko wake.

Hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Hapa kwetu, kutoka Awasi hadi Ahero, kutoka Kisumu hadi Siaya, tumejifunza kuogopa mwili unaopungua na kuusifu mwili unaotanuka. Tulikuwa na sababu. Lakini sababu hizo zimepitwa na wakati, na sifa zetu sasa zinawazika watu tunaowapenda.

Tuanze na maneno. Kwa Kiswahili chetu mtu akinenepa tunasema "ana afya". Akipungua tunasema "ameisha". Akisita mbele ya sahani ya pili anaambiwa mwili haujengwi kwa matofali. Mwanamume mwenye kitambi huachiwa kiti cha mbele kwenye harambee hata kabla hajatoa shilingi. Hakuna ubaya wa nia katika maneno haya. Ni maneno ya watu waliojua njaa, waliojua kwamba nyama ya mwili ni akiba ya kiangazi.

Kwa upande huu wa ziwa kuna jambo jingine zito zaidi. Wazee walijua chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Kisha ukaja ukimwi, ukaitwa ayaki, nao ukakondesha watu mbele ya macho yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watu wazima 15 katika kila 100 mkoani Nyanza walikuwa na virusi, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha nchi nzima. Hakuna boma la hapa ambalo halikuchimba kaburi. Katika miaka hiyo, shavu lililonona lilikuwa cheti cha kutangaza kwamba mtu yu mzima. Na mtu aliyepungua kilo tano tu alisikia minong'ono sokoni kabla hajafika kwenye meza yake ya nyanya.

Kwa hiyo siku moja nilipomshauri mama mdogo apunguze mwili kidogo kwa ajili ya magoti yake, aliniuliza swali moja tu: "Nikikonda, mwanangu, watu watasema nini?" Nilicheka. Leo naona lilikuwa swali la mtu aliyezika dada wawili, na lilistahili jibu.

Jibu lenyewe linaanzia mbali, na linaanzia hapa hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu presha za Waafrika aliowapima. Katika miaka miwili, hospitali yake ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Zaidi ya hapo, aliona kwamba presha za wanaume waliopita miaka 40 hazikupanda kama za Wazungu, zilielekea kushuka. Watu wale hawakuwa peponi. Malaria iliwaua, njaa iliwaua, kazi za shuruti ziliwavunja migongo. Lakini ugonjwa huu tunaouona leo kila mazishini, huu wa "alikuwa mzima, akaanguka tu bafuni", haukuwa wao.

Miongo kadhaa baadaye, watafiti wakiongozwa na Neil Poulter walifuatilia vijana wa Kijaluo wa umri wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijiji vya kaskazini mwa ziwa, upande ule alikozaliwa mama mdogo, wakaenda kutafuta kazi Nairobi. Walikuwa 325, wakalinganishwa na wenzao 267 waliobaki kijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Haikuchukua miaka. Ndani ya miezi michache tu ya kuhamia mjini, uzito wao ulikuwa umepanda, mapigo ya moyo yameongezeka, chumvi katika mkojo imezidi na potasiamu, ile ya mboga, ndizi na viazi, imepungua. Na presha ikapanda. Damu ni ile ile, ukoo ni ule ule, mababu ni wale wale. Kilichobadilika ni sahani na siku inavyokwenda.

Nawaomba wasomaji mshike hilo, kwa sababu mara nyingi nasikia mtu akisema presha ni ya ukoo wao, kana kwamba ni shamba walilorithi. Kurithi kupo, sikatai. Lakini babu zetu na wale vijana waliohamia Nairobi wanatuambia kwamba ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ulikuja na mabadiliko, na kilichokuja na mabadiliko kinaweza kurudishwa nyuma na mabadiliko.

Tofauti na zamani ile, siku hizi kijana hahitaji kupanda basi la Nairobi ili ahamie mjini. Mji umekuja Awasi wenyewe. Umekuja na lami, na bodaboda zinazompeleka mtu mwendo wa nusu saa ambao zamani alitembea akizungumza na jirani. Umekuja na unga uliokobolewa hadi ukawa mweupe kama chokaa, na mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa kipimo cha shilingi chache, na soda katika kila kioski, na sukari ambayo katika ukanda huu wa miwa wa Chemelil na Muhoroni imekuwa ishara ya ukarimu: chai isiyo tamu ni kama kumfukuza mgeni. Umechukua hata samaki. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na kuanzia miaka ya 1980 viwanda vikajengwa kando ya ziwa vya kusafirisha minofu yake ng'ambo. Kwetu pakabaki mgongo wazi, ule mfupa wenye nyama kidogo, unaokaangwa kwenye mafuta yanayochemka yaliyokwisha kutumika mara nyingi. Wakati huo huo mboga za osuga, apoth na majani ya kunde yaliyochemshwa kwa maziwa yameanza kuitwa chakula cha wazee.

Matokeo yameandikwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba Wakenya wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake walikuwa zaidi ya 38, kwa wanaume zaidi ya 17. Karibu robo ya watu wazima walikuwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata siku moja maishani. Ule wa mwaka 2022 ukakuta kwamba kati ya wanawake wa miaka 20 hadi 49, 45 katika kila 100 wana uzito uliozidi. Katika utafiti huo huo, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njaa na unene siku hizi hukaa chini ya bati moja, mara nyingine katika mama mmoja na mwanawe.

Sasa, kiuno kinahusiana vipi na moyo? Niliwahi kudhani mafuta ya mwilini ni mzigo tu, kama gunia ghalani, na moyo huchoka kwa kuyabeba. Hiyo ni sehemu ndogo ya kweli. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya nyonga na mapaja, kwa kiasi kikubwa hutulia. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakayazunguka matumbo na ini, hayatulii. Hayo hufanya kazi usiku na mchana. Humimina asidi za mafuta kwenye mshipa uendao moja kwa moja kwenye ini, na ini likizidiwa hutoa mafuta mabaya zaidi kwenye damu. Huufanya mwili uwe kiziwi kwa insulini, na sukari ikaanza kupanda. Hutuma kemikali zinazochochea uvimbe usioonekana katika kuta za mishipa, na kolesteroli hupata mahali pa kunasa. Hubana figo na kuzifanya zishikilie chumvi na maji. Huamsha mishipa ya fahamu ya hatari, ile inayomwandaa mtu kukimbia, ikabaki imeamka hata akiwa amelala. Na njia zote hizi hukutana mahali pamoja: presha inapanda.

Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha ya juu hufanya kama mkono wa mtwangaji. Misuli yake hunenepa. Lakini mkono wa mtwangaji hupumzika jioni; moyo haupumziki. Ukuta wake unakuwa mnene, kisha mgumu, kisha haulegei vizuri kujaza damu, mwishowe hauna nguvu ya kuisukuma. Maji yanarudi nyuma, yanajaa mapafuni na miguuni. Mama mdogo alianza kulalamika kwamba viatu vimekuwa vidogo. Kisha akaanza kulala na mito miwili, kisha mitatu, kwa sababu akilala chali pumzi ilimpotea. Jirani mmoja alisema ni pumu. Mwingine alisema kuna mtu anamwonea wivu kwa lile duka. Ilikuwa ni moyo, na ulikuwa umeanza kuomba msaada tangu kiuno kilipopita 34.

Watu wengi wakisikia "ugonjwa wa moyo" huwazia Mzungu wa sinema anayeshika kifua na kuanguka. Mshtuko wa moyo upo kwetu pia na unaongezeka. Lakini njia kuu ya huku kwetu ni hii ya presha. Mwaka 2012 ulitoka utafiti ulioongozwa na Albertino Damasceno wa Msumbiji, uliochunguza wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, kwa wagonjwa 45 katika kila 100. Mishipa ya moyo iliyoziba ilihusika kwa chini ya wanane katika kila 100. Na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Huo ndio umri wa mtu anayelipa karo ya chuo, anayejenga nyumba ya mwisho, anayesubiri mahari ya binti. Katika nchi tajiri, wagonjwa wa moyo kushindwa kwa kawaida huwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Sisi tunafika huko tukiwa bado na mizigo kichwani.

Kuna hadithi ya kweli kutoka London ambayo ilinirudia nikiwa nimesimama mbele ya cherehani ile. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba madereva wa mabasi ya ghorofa, waliokaa siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta wao, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tikiti. Mwaka 1956 wakaenda mbele zaidi. Walichukua vipimo vya sare za wafanyakazi hao, vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakaangalia viuno vya suruali. Madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta wa umri wao. Vipimo vya nguo vikawa ushahidi wa kitabibu. Na waligundua jambo la kutia moyo pia: hata kondakta mwenye kiuno kipana alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kiuno kama chake. Kutembea kunasaidia hata kabla mwili haujapungua.

Nusu karne baadaye, utafiti mkubwa wa INTERHEART ulioongozwa na Salim Yusuf ulilinganisha watu wapatao 15,000 waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na idadi kama hiyo ya wazima katika nchi 52. Ulithibitisha kwamba kiuno, kikilinganishwa na nyonga, kinatabiri mshtuko wa moyo vizuri kuliko uzito wa mizani. Katika sehemu yake ya Afrika, mambo matano yalibeba karibu hatari yote: sigara, kisukari, presha, mafuta mabaya ya damu, na unene wa tumbo. Kwa hiyo shangazi mwenye nyonga pana na tumbo dogo asiogopeshwe bure. Na mjomba mwenye miguu myembamba na kitambi cha kutangulia mlangoni asijidanganye kwamba yeye si mnene.

Lazima niseme pia kinyume chake, ili nisimdhulumu mtu. Wembamba wapo wenye presha, na wanene wapo wanaofika uzeeni. Moyo huharibiwa pia na homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa, na ugonjwa huo bado unawapata watoto wetu. Unene ni hatari inayoongezwa juu ya nyingine, na ndiyo maana haifai kuutumia kumhukumu mtu barabarani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wahubiri wa afya wanaowaambia wanawake wa soko kwamba ni wavivu. Mama mdogo alikuwa akiamka saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja amefungua duka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki hadi saa mbili usiku, kwa sababu akiinuka mteja anakwenda duka la pili. Mchana alikunywa chai na chapati kwa kuwa ndicho kilichopita mbele yake kwenye beseni. Chakula chake cha kweli alikila saa tatu usiku, ugali mwingi, kisha akalala. Huyo si mvivu. Huyo ni mtu aliyefungwa na kazi yake mahali pamoja kwa saa 15, kama wale madereva wa London.

Alikwenda kliniki pia. Alikwenda mara nyingi kwa sababu ya magoti. Kila mara alirudi na vidonge vya maumivu, na vilipoisha alinunua vingine kwenye duka la dawa. Hakuna aliyemfunga kipimo cha presha mkononi. Na vidonge vya aina ya diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa siku nenda siku rudi, vyenyewe vinaweza kupandisha presha na kuufanya mwili uzuie maji. Siku alipopimwa hatimaye, akiwa hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, presha ilikuwa 210 juu ya 120. Muuguzi aliitazama mashine, akaipima tena mkono wa pili, kisha akakimbia kumwita daktari.

Nini kifanyike basi? Kwanza, tupime kitu sahihi. Chukua kamba. Jipime urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, uikate kamba hapo. Ikunje katikati, kisha uizungushe tumboni usawa wa kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Ncha zikikutana, kiuno chako kiko chini ya nusu ya urefu wako, na huo ndio mpaka ambao washauri wa afya wa Uingereza wamewapa watu wao tangu mwaka 2022. Zisipokutana, usingoje kuumwa. Mama mdogo alikuwa na urefu wa inchi 63. Nusu yake ni 31 na nusu. Siku fundi alipofungua ukurasa wake alikuwa ndani ya mpaka kwa nusu inchi.

Pili, tuwatumie watu tulio nao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, na mikoba yao ina mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Wengi wao ni kina mama wa vijiji hivi hivi. Tunawajua zaidi kwa ule utepe wa rangi nyekundu, manjano na kijani wanaouzungusha kwenye mkono wa mtoto kuona kama ana utapiamlo. Ni utepe mzuri, umeokoa watoto. Naomba kaunti ya Kisumu iwape utepe wa pili, wa kiuno cha mtu mzima, na iwape agizo la kuutumia, betri za mashine zisizoisha, na njia ya kumfikisha aliyezidi kwenye dawa za presha zisizokosekana kabatini. Siku ya soko ingekuwa siku ya kazi yao. Mwanamke asiyeweza kuacha meza yake apimwe akiwa mezani.

Sisi wa Nyanza hatuna haja ya kuambiwa kwamba hili haliwezekani. Tumewahi kufanya gumu zaidi. Tulijifunza kupimwa virusi bila aibu, kumeza dawa kila siku kwa saa ile ile, kusindikizana kliniki, kuhesabu vidonge. Watu waliodhaniwa wamekwisha miaka 20 iliyopita leo wanacheza na wajukuu. Hao hao sasa wanahitaji kulindwa moyo, maana kuishi na virusi kunaongeza hatari ya magonjwa ya mishipa, na kliniki zao zingekuwa mahali pa kwanza pa kupima kiuno na presha pamoja.

Tatu, tusimwachie mtu binafsi kazi ambayo ni ya wote. Afrika Kusini iliweka mipaka ya chumvi katika mkate na vyakula vingine vya viwandani kuanzia mwaka 2016, na ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwaka 2018. Tunaweza kudai hayo kwa wabunge wetu kama tunavyodai barabara. Na tukidai barabara, tudai na njia ya miguu. Kando ya lami ya Ahero hadi Awasi, anayetembea hupanga maisha yake upya kila lori la miwa linapopita. Huwezi kumwambia mtu atembee kwa ajili ya moyo wake mahali ambapo kutembea kunaweza kumuua kabla ya moyo.

Nne, na hili ni letu nyumbani. Hatuhitaji miili ya magazeti. Mtu akipungua kilo tano, presha yake hushuka kwa takriban vipimo vitano, na hiyo ni nafuu ya kweli. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano za juma. Chemsha omena badala ya kuikaanga. Rudisha osuga katikati ya sahani na upunguze kimo cha ugali. Ondoa kijiko kimoja cha sukari mwezi huu, kingine mwezi ujao. Toa kopo la chumvi mezani. Na mtu wako akianza kupungua kwa makusudi, mtetee. Sema kwa sauti, kanisani na kwenye chama, kwamba anautunza moyo wake. Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mama mdogo aliponiuliza watu watasema nini. Wangesema tutakalowafundisha kusema.

Harusi ilisogezwa hadi Agosti. Bintiye aliamua kushonewa vazi la siku ya pili kutokana na kile kitenge cha buluu, na nilimsindikiza kwa fundi. Ana miaka 27. Fundi aliunganisha vipande kwenye meza, akaona kitambaa kinatosha na kuzidi, kisha akafungua ukurasa mpya. Alimzungushia utepe kiunoni na kusoma namba kwa sauti ya chini: 36. Safari hii hakupongeza. Aliandika, akasubiri.

Dada yangu akatoa kijikaratasi mkobani, alichopewa asubuhi ile na mhudumu wa afya wa kijiji. Kilikuwa na namba mbili, 138 na 88, na tarehe ya kurudi kupimwa. Akamwomba fundi aziandike. Fundi akauliza aziweke wapi, maana daftari halina sehemu ya namba kama hizo. Akamwonyesha kwa kidole nafasi iliyokuwa tupu, chini ya kiuno.